Dawa Isiyooshwa na Mvua

Nyumbani kwetu Mwika, bomba la kupulizia dawa ya kahawa lilikuwa la mama. Baba alikuwa na panga lake na zamu yake ya kusimamia mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mto kutoka msituni hadi kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, lakini bomba hakuligusa. Lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, limekolea mrututu mpaka hakuna aliyekumbuka lilinunuliwa likiwa la rangi gani. Mrututu ni ile dawa ya buluu inayotokana na shaba. Tulipulizia mibuni kuikinga na chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado changa mtini.

Mama alichanganya dawa kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati, maana mrututu hula chuma. Alikoroga kwa mti, akachuja kwa kitambaa, kisha akasimama uani na kutazama juu. Huko kutazama ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Wingu likikaa vibaya upande wa kilele cha Mawenzi, alifunika ndoo na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Majirani walikuja kumuuliza kama leo panapulizika. Akisema hapapuliziki, njia nzima ilitulia. Wanaume wenye mabomba mapya walibaki wameyaegemeza ukutani wakimsubiri mwanamke mmoja akubaliane na mbingu. Nimekulia kwenye nyumba hiyo, na popote nilipokwenda nimejidai nayo.

Nami nimekwenda kwingi. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka na kikundi cha wachimba visima, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali mpaka nikajua jina la mbwa wa jirani. Nimechimba Shinyanga, Kilwa, Mpanda. Nikifika mahali, wiki ya kwanza nawasimulia wenyeji habari za ndizi za kwetu. Wiki ya pili wananiomba ninyamaze. Wiki ya tatu naanza kufikiri barabara inayotoka. Mama aliniita kishada. Alisema kamba anayo yeye.

Aliivuta kamba hiyo kupitia kwa dada yangu, anayeishi Moshi mjini, mtaa wa Soweto. Dada alinipigia simu kuwa mama anakohoa, kikohozi hakisikii dawa yoyote, na sasa kimeleta damu. Nilimkuta amekonda lakini amekaa wima kitandani kwa dada, ananiuliza kama huko nilikotoka watu wanakula. Hospitali kubwa ya pale mjini walimpiga picha, wakachukua kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye pafu, na tukaambiwa ni saratani.

Watu walipopata habari, swali lilikuwa moja: alikuwa anavuta sigara? Mama hajawahi kushika hata ya mtu mwingine. Daktari wake, binti mpole aliyekulia mbali na milima, alituambia kwamba moshi wa jikoni wa miaka mingi unaweza kuchangia, vitu vingine pia, na kwamba kwa mtu mmoja mara nyingi haiwezekani kusema ni hiki ndicho kilichosababisha. Mama alisema kutafuta aliyeiba wakati nyumba inaungua ni kazi ya wasio na maji. Alitaka kujua dawa ni ipi.

Dawa zilikuwa mbili, zote za dripu, za kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Daktari aliziita kemo. Moja, alisema, ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya zile alizoweza kumpa, na ilitoka kwenye madini, ndugu wa dhahabu. Mama alifurahia hilo kuliko nilivyotegemea. "Kama mrututu," aliniambia. "Nayo ni madini." Alipoona chupa ya dripu imefunikwa kwa mfuko mweusi ili mwanga usiiharibu, alitikisa kichwa kama mtu anayekutana na fundi mwenzake. Kisha akamwambia nesi kwamba siku wakimzika wasisahau kumchimbua tena, maana atakuwa na mali ndani.

Nesi huyo alikuwa mcheshi naye. Alipokuwa akimtoa sindano alimshika mkono akamwambia, "Mama, ukifika nyumbani ni maji. Maji, maji, maji. Nataka uende chooni mpaka majirani waulize kuna nini."

Mama akasema amesikia.

Baada ya dripu ya kwanza alitapika, akalala, akaamka, akaomba mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama, akala vijiko vichache kwa hasira. Baada ya ya pili nywele zilianza kubaki kwenye mto. Hakusubiri zimalizike. Alimwita dada na wembe, akanyolewa uani mchana kweupe, na Jumapili akaenda ibada amefunga kilemba cha kitenge chekundu, akakaa kiti chake kilekile cha mbele cha wazee wa kanisa. Kwaya ilipoimba alisimama. Nilikuwa nyuma na nilimwona ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, lakini alisimama mpaka ubeti wa mwisho.

Tulikuwa tumemrudisha Mwika wakati huo, kwa kuwa alisema hewa ya Soweto ina maneno mengi. Mimi ndiye niliyempelekea maji. Nilichemsha, nikapooza, nikajaza jagi na kuliweka kando ya kiti chake mlangoni mwa jiko. Kila nilipopita jagi lilikuwa limepungua. Nilimsifu. Mgomba ulio karibu na mlango huo, uliokuwa umedumaa tangu kiangazi, ulitoa jani jipya pana, kisha jingine. Niliuona, nikafikiri ni mbolea.

Tulirudi hospitali kwa dripu ya tatu. Kabla ya dripu wanapima damu kwanza. Tulingoja muda mrefu kuliko kawaida, halafu daktari mwenyewe akaja na kiti, akakaa mbele ya mama. Alisema hawezi kumpa dawa leo. Figo zimechoka. Dawa ile ya madini hutoka mwilini kwa kupitia figo, na ikipita pakavu inaziunguza. Wangemwekea dripu ya maji matupu, arudi nyumbani anywe sana, kisha wapime tena. Figo zisiporudi, dawa ile italazimika kuachwa, na atatafutiwa nyingine badala yake.

"Maji unakunywa, mama?" aliuliza.

"Nayapokea yote," mama alisema.

Daktari alikubali. Mimi nilimgeukia mama, kwa sababu namjua. Mama hasemi uongo; ni mzee wa kanisa. Ila katika maisha yake amejifunza kuchagua kitenzi. Na hapo jani lile pana la mgomba likanijia machoni.

Tulipobaki wawili nilimwuliza taratibu kama yale maji alikuwa anaunyeshea mgomba. Hakukana. Alinitazama kwa huruma, kama nimesahau kitu nilichofundishwa nikiwa sijaota meno.

"Wewe, baba," alisema, maana akitaka nimsikilize huniita hivyo, "umewahi kuona mtu amepuliza dawa, halafu akaita mvua?"

Aliendelea kwa sauti ya chini. Dawa yenyewe inaingia tone kwa tone. Watu wazima wenye akili wameifunika isione jua. Inakaa ndani kuua kitu kilichokula pafu lake. Halafu yeye aimwagie jagi zima? Alikuwa amevumilia kiu mpaka ulimi ukakwama kwenye meno, kila mara, kwa siku zile za mwanzo baada ya dripu ambazo alizihesabu kuwa za dawa kukauka. Hakutaka tone lipotee. Alichokifanya ndicho alichokuwa amekifanya maisha yake yote, tena vizuri kuliko mtu yeyote njiani kwetu, na ndicho kilichokuwa kinamuua.

Nilirudi kwa daktari peke yangu na kumweleza. Hakucheka. Aliniuliza mrututu ni nini, nikamwambia. Akauliza kama dawa zote za kahawa huoshwa na mvua. Nikasema sijui, mimi ni mtu wa visima, lakini mwenye kujua amekaa pale nje. Akaniambia nimwite.

Basi wakakaa wawili, daktari na mkulima, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale nilimwona mama akiongea kama anavyoongea nyumbani. Alieleza kwamba zipo dawa za kukaa juu ya jani, kama mrututu, na hizo mvua huziosha. Zipo nyingine zilizokuja baadaye, za kutu ya majani, ambazo jani huzinywa zikaingia kwenye utomvu. Hizo zikishanywewa, mvua haizifikii tena.

"Hii ni ya utomvu," daktari alisema. "Haikai juu ya kitu chochote, mama. Inaingia kwenye mshipa wa mkono, inakwenda moyoni, inapita kwenye mapafu, inarudi moyoni, na kutoka hapo inasukumwa mwili mzima. Ndani ya muda mfupi imeshafika kwenye uvimbe na kuingia ndani ya seli zake. Maji unayokunywa hayaitoi huko. Yanaosha masalia kwenye figo."

Mama alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kidato changu cha nne, sikuwa nimeliuliza. Kama dawa inakwenda mwili mzima, inaujuaje uvimbe?

"Haiujui," daktari alisema. "Kila seli ina kamba ndani yake inayoifungua inapotaka kujigawa ziwe mbili. Dawa inaibana hiyo kamba. Seli iliyotulia haioni shida sana. Yenye haraka ya kuzaliana ndiyo inayokufa, na saratani ina haraka kuliko zote. Lakini nywele nazo zina haraka. Na utumbo. Ndiyo maana unanyonyoka na kutapika."

"Kumbe inapiga wote wasiotulia," mama alisema, akaninyooshea kidole. "Basi huyu asikae karibu na hiyo chupa."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nilicheka pia. Ni kweli kwamba begi langu lilikuwa nyuma ya mlango, halijafunguliwa tangu nifike, na mkuu wa kikundi alikuwa ameshanipigia mara kadhaa kutoka Singida.

Kabla hatujaondoka daktari alituchorea uvimbe kwa kalamu. Alisema unapokua unajichimbia mishipa yake wenyewe ili upate damu, nao huichimba ovyo. Mingine inapinda bure, mingine inavuja, mingine inafika njiani na kufa. Kwa hiyo dawa hufika vizuri pembeni, lakini katikati hufika kidogo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuirudia mara nyingi. Mama aliinamia ule mchoro. Mume wake alikuwa mtu wa mfongo. Amezunguka naye kwenye kingo zote, ameziba mivujo kwa udongo na migomba. Alisema mfongo huu umechimbwa na mlevi, na akatusifia marehemu baba kwa dakika nzima. Daktari akamsikiliza.

Tulirudi Mwika na mama akaanza kunywa maji. Nikisema akaanza, nina maana alianza kama anavyoanza kazi. Kikombe alikikataa, alisema ni cha wageni. Alishusha kutoka juu ya kabati kata ya baba, kile kibuyu kilichopasuliwa chenye mkono mrefu ambacho wazee hunywea mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Aliisugua, akaijaza maji, akakaa nayo mlangoni kuanzia asubuhi. Nilipita na kumkuta ameiinua. Nilirudi na kumkuta ameiinua. Aliniamuru niuambie mgomba posho imekatika.

Mlango wa jiko letu unatazama njia. Haikuchukua muda. Watu walipita kwenda sokoni wakamwona mama, mzee wa kanisa, na kata mkononi kabla jua halijakausha umande. Walirudi kutoka sokoni, kata iko palepale. Hatimaye alikuja jirani mmoja wa kwaya, mama wa makamo, amejifunga khanga mbili. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaketi, akauliza habari ya ng'ombe, akauliza habari ya kuku. Hakuna aliyekuwa na haraka.

"Mama, watu wanasema," alianza.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ugonjwa umekuzidi, umejipa moyo kwa kata. Hatukuhukumu. Ila asubuhi hii, mama? Tangu asubuhi?"

Mama alimpa kata kwa mikono miwili, kama inavyopasa. "Onja."

Yule jirani akasita, akatazama njiani, akaonja kidogo. Kisha akanywa tena, akiitafuta ile mbege.

"Ni maji," alisema.

"Ni maji. Nenda kawaambie nimelewa."

Kuanzia siku hiyo waliopita walimpigia kelele kutoka njiani wakimuuliza amefikisha kata ngapi, naye akawajibu kwamba anayehesabu kata za mwenzake ana kiu. Wengine waliingia na kunywa naye. Dada alipopanda kutoka Soweto alikuta uani kama kuna ngoma, watu wamekaa kwenye magogo wakipokezana maji ya kuchemsha.

Siku ya kupima figo mimi sikuweza kukaa. Nilitembea ukumbi wote wa hospitali, nikatoka mpaka getini, nikarudi. Mama alikaa mahali pamoja na mikono kwenye mapaja, vilevile alivyokuwa anasubiri wingu liamue. Daktari alitokea mlangoni, akainua mkono kama mtu aliyeshika kata na kuupeleka mdomoni. Figo zilikuwa zimerudi. Dripu ya tatu iliwekwa siku hiyo hiyo, dawa ileile ya madini, chini ya mfuko wake mweusi, na mama aliisindikiza kwa maji kabla, wakati inaingia na baada. Nilimpigia mkuu wa kikundi kumwambia asinitegemee msimu huu. Nilipofika nyumbani nilifungua begi, nikatundika mashati yangu kwenye msumari wa stoo, kando ya bomba.

Dripu zilizofuata hazikuwa rahisi. Vidole vyake vilikufa ganzi, akadondosha vyombo. Chai ilimpa ladha ya sarafu. Kuna siku alikataa hata kunisalimia. Lakini figo hazikuchoka tena, na hakuna dripu iliyoahirishwa.

Zilipokwisha walimpiga picha nyingine. Daktari aliziweka mbili, ya kwanza na ya sasa, mbele ya mwanga. Sikuhitaji kufundishwa. Lile doa lililokuwa kama ngumi lilikuwa limesinyaa likabaki kama buni iliyokauka. Daktari alikuwa mwaminifu: halijaisha, linaweza kuamka, tutakuwa tunarudi kulichungulia. Mama alisema hata chulebuni haiishi. Unaikataza msimu huu, na msimu ujao unaamka mapema.

Tulitoka hadi ukumbini kumsubiri dada. Kwenye benchi alikuwa mzee mmoja na mwanawe wa kike, ambaye mara alikwenda dirisha la dawa. Mzee alikuwa ametolewa dripu muda si mrefu, pamba bado mkononi, na kwenye paja ameshika chupa ya maji haijafunguliwa. Mama hakutazama chupa kwanza. Alitazama koti lake. Mabegani lilikuwa na madoa mawili ya buluu, pale mikanda ya bomba inapokaa.

"Meku, shikamoo," alisema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa mzee, na huyo alimzidi umri. "Mnatoka wapi?"

"Marahaba, mama. Machame."

"Unapuliza mwenyewe?"

"Nani mwingine? Vijana wanapuliza mvua ikiwa imeshafika mlangoni."

"Na hayo maji unamtunzia nani?"

Mzee alitazama upande alikokwenda mwanawe. Akashusha sauti, akasema kwa siri ya mtu wa kazi kwa mwenzake: "Dawa imeingia sasa hivi. Naingoja ikauke."

Ilibidi nitazame ukuta. Mama hakucheka hata kidogo. Alisogea karibu, akafungua kilemba chake, akamwonyesha kichwa, ambapo nywele mpya zilikuwa zimeanza kuota, laini na nyeupe kama za mtoto wa mzungu.

"Na mimi niliingoja ikauke," alisema. "Ikanikausha mimi. Hii si ya juu ya jani, meku. Ni ya utomvu. Imeshaingia."

Mzee aliigeuza chupa mkononi. Alitazama dirishani, ambako mlima ulikuwa umefunikwa na wingu zito mpaka chini.

"Na mvua ikinyesha?"

"Iache inyeshe," mama alisema, akaichukua ile chupa, akaifungua kifuniko, akamrudishia kwa mikono miwili.